Bei Bila Risiti

Boksi lilikuwa limeshafungwa. Dazeni sita za sahani, kamba imezungushwa mara mbili, na yule mama wa dukani akaniuliza swali analolijua kila aliyewahi kununua kitu Kariakoo: "Na risiti, au bila risiti?"

Na risiti ni 180,000. Bila risiti ni 165,000.

Nilikuwa nimetumwa na kikundi chetu cha mtaani. Tumechoka kukodi vyombo kila kukiwa na msiba au harusi, tukaamua tununue vyetu. Hela ya kikundi ni ya kuchangishana. Kila mia ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana mdomo. Nikasema nilichozoea kusema miaka yote: "Mama, risiti ya nini tena? Nipunguzie tu."

Akacheka, akanipunguzia.

Sikufika mbali. Hatua kumi hivi kutoka mlangoni, vijana wawili wenye vitambulisho shingoni wakanisimamisha. Walikuwa na adabu, niliseme hilo mapema. "Habari ya mchana, kaka. Mzigo huu umeununua wapi? Tunaomba kuona risiti."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkasi wa kukatia kamba bado uko mkononi, ananitazama.

Ningeweza kusema ni mimi niliyeikataa risiti. Ningeweza hata kudanganya kwamba imedondoka njiani.

Nikanyoosha kidole.

## Somo na karatasi

Kilichofuata ni kwamba mimi nilipewa somo, yeye akapewa karatasi.

Somo langu lilikuwa lile lile la mabango: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nikakumbushwa kwamba mnunuzi asiyedai risiti naye ana faini yake kisheria, kisha nikaambiwa niende, nisirudie. Mama aliandikiwa faini inayohesabika kwa mamilioni. Sahani alizoniuzia hazikufika laki mbili.

Sina ugomvi na wale vijana. Walitumwa kazi, kosa walilikuta, wakaliandika. Kilichobaki kichwani mwangu ni ile kasi. Tangu nitoke na boksi mpaka karatasi iwekwe juu ya meza ya mama, hazikupita dakika 20. Hakuna aliyemuuliza ilikuwaje, na wala mimi niliyekuwa najua ilikuwaje sikufungua mdomo.

Jioni nilirudisha ile 15,000 kwa mweka hazina. Kikao kikanipigia makofi.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ilipotungwa mwaka 2015, faini zake hazikuandikwa moja kwa moja kwa shilingi. Zilihesabiwa kwa kipimo maalumu, na kipimo kimoja kilikuwa sawa na shilingi 15,000. Nilipolisoma hilo wiki iliyofuata nilifunga kompyuta nikaenda kuosha vyombo. Ni sadfa tu, najua. Lakini kuna sadfa zinazomtazama mtu usoni.

## "Risiti ndiyo mauzo"

Baada ya wiki mbili nilirudi kuomba radhi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sahani zimepasuka?"

Nikamwambia hazijapasuka. Nikamwambia kilichonileta. Alinisikiliza huku akipanga vikombe, kisha akanivutia kigoda. Faini alikuwa ameshaanza kulipa. Alikopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, maana benki ingemuuliza maswali mengi kuliko muda aliokuwa nao.

Nilimuuliza kitu ambacho, kwa aibu yangu, sikuwahi kukifikiria: kwa nini bila risiti ni nafuu? Nilidhani ni VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Akatikisa kichwa. Yeye hajasajiliwa VAT. Mauzo yake hayajafika huko.

"Risiti si karatasi, mwanangu. Risiti ndiyo mauzo, na mauzo ndiyo makadirio."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 kwa kawaida hatozwi kodi ya mapato kwa faida aliyopata. Anatozwa kwa mauzo. Asiyetunza kumbukumbu, mauzo yake yakiwa kati ya milioni 4 na 7, analipa 100,000 kwa mwaka. Yakiwa kati ya milioni 7 na 11 analipa 250,000. Ukivuka hapo unaingia kwenye asilimia, 3 na kitu, ya kile kilichoingia dukani. Kilichobaki mfukoni hakiulizwi.

Nilijaribu kuwa mwadilifu, nikapiga hesabu. Kodi ya faida kwa kampuni ni asilimia 30. Ukichukulia kwamba muuza duka anabakiwa na asilimia 10 ya mauzo yake, asilimia 30 ya hiyo 10 ni 3. Kumbe mantiki ipo, na wala si ya kijinga.

Shida ni ile 10.

Mama alinionyesha kwa vidole. Sahani moja anaiuza 2,500. Katika dazeni sita nilizonunua, faida yake ilikuwa 20,000 na ushei. Nilipoomba punguzo la 15,000 nilikuwa namwomba karibu faida yote, na yeye akanipa, kwa sababu frem ya jirani ina sahani zile zile na jirani angekubali kabla sijamaliza sentensi. Kwa mauzo kama hayo asilimia 3 si theluthi ya faida tena. Ni faida yenyewe.

Yuko huru kuchagua kuandaa hesabu kamili ili akadiriwe kwa faida halisi. Sheria inamruhusu. "Na huyo mhasibu," akaniuliza, "anakula wapi?"

Ukipanda ngazi, mambo yanageuka. Kampuni inatozwa kwa faida, yaani kwa kile inachosema kimebaki baada ya mishahara, mafuta, riba ya mikopo, ada za usimamizi zinazolipwa kwa kampuni mama, na malipo ya kutumia jina la chapa. Vyote hivyo ni halali vikiwa vya kweli. Kampuni ikitangaza hasara mwaka hadi mwaka, sheria ina kipengele cha kuibana: hasara ikifika mwaka wa tatu mfululizo inatozwa kiasi kidogo cha mauzo, kisichozidi asilimia 1.

Mama anaanza na 3, na anaanza mwaka wa kwanza.

## Noah zetu

Ni yeye aliyeleta habari ya Noah, si mimi.

Msomaji wa umri wangu sihitaji kumsimulia mwaka 2017. Makontena 277 ya makinikia, ule mchanga wa madini, yamezuiwa bandarini, kamati ya Profesa Mruma imesoma ripoti Mei, ya Profesa Osoro imesoma Juni, nchi nzima imekaa mbele ya televisheni mchana kweupe kama siku ya fainali. Mwezi Julai kampuni ya dhahabu ya Acacia ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190: bilioni 40 kodi yenyewe, bilioni 150 riba na adhabu. Vijiweni tukagawana. Kila Mtanzania gari moja aina ya Noah. Kuna jamaa yangu alishachagua rangi.

Oktoba mwaka ule ule yakatangazwa makubaliano na Barrick, mwenye hisa nyingi ndani ya Acacia. Dola milioni 300 kuonyesha nia njema, serikali kupewa asilimia 16 ya hisa, na manufaa ya migodi kugawanywa nusu kwa nusu. Zile milioni 300 zikabatizwa jina ambalo halitafutika kwenye Kiswahili cha siasa: kishika uchumba. Mkataba wenyewe ulitiwa saini Januari 2020, na fungu la kwanza, dola milioni 100, likalipwa mwezi Mei.

Nilizigawanya zile milioni 300 kwa idadi ya Watanzania wa wakati ule na kwa bei ya dola ya wakati ule. Kila mmoja wetu alikuwa apate kama shilingi 12,000.

Hazifiki hata punguzo la sahani zangu.

"Yule aliandikiwa mabilioni ya dola," mama akasema, "akaambiwa njoo tukae mezani. Mimi meza yangu ndiyo hii. Umeona nafasi ya kukaa?"

Meza ilikuwa imejaa sahani mpaka kingoni.

Sikuwa na jibu, na njia nzima ya kurudi nyumbani, nimening'inia kwenye daladala la Mbagala, nilikuwa namjibu kimoyomoyo.

## Nilivyomjibu kimoyomoyo

Kwanza, lile deni halikuwa la kuaminika. Dola bilioni 190 ni zaidi ya mara tatu ya pato la nchi nzima kwa mwaka ule. Hakuna mgodi wa dhahabu duniani unaoweza kudaiwa hivyo ukalipa. Kusema kampuni ilisamehewa bilioni 189 na ushei ni kuamini kwamba bilioni hizo zilikuwepo. Na hisa asilimia 16 si pipi. Gawio limekuwa likiingia hazina.

Pili, ukiuliza kodi ya nchi hii inabebwa na nani, jibu halimfurahishi mtu wa kijiweni. Walipa kodi wakubwa ni wachache, wana idara yao maalumu tangu mwaka 2001, na sehemu kubwa ya makusanyo ya ndani inatoka kwao: bia, simu, benki, saruji, sigara, madini. Frem zote za mtaa ule zikifungwa mwaka mzima, sidhani kama hazina ingetikisika kama inavyotikisika kiwanda kimoja cha bia kikisimama.

Tatu, na hii ndiyo iliyoniuma: Kariakoo si malaika. Nyuma ya baadhi ya frem ndogo kuna watu wakubwa wanaogawa mauzo yao kwenye majina ya wapwa na wadogo zao ili kila jina libaki chini ya kiwango. Kuna risiti zinazoandikwa nusu ya bei. Na kuna wateja kama mimi, wasomi, wenye blogu, wanaolalamika barabara mbovu kila wiki kisha wanasema "risiti ya nini tena".

Nilishuka Mbagala nikiwa nimeshinda hoja.

Usiku sikulala vizuri.

## Miaka na dakika

Kilichonirudisha nyuma ni kesi nyingine, isiyo na Noah ndani yake. Haikusomwa kwenye televisheni, na nadhani ndiyo maana inafundisha zaidi.

Kabla ya kuitwa Acacia, kampuni ile iliitwa African Barrick Gold. Iliingia kwenye soko la hisa la London mwaka 2010. Dhahabu yake ilikuwa inatoka Tanzania: Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara. Kati ya 2010 na 2013 iliwalipa wanahisa wake gawio la mamia ya mamilioni ya dola, huku hesabu za migodi hapa nyumbani hazionyeshi faida ya kutozwa kodi. TRA, mamlaka ya mapato, ikauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tano angeuliza: kama migodi haina faida, gawio linatoka wapi? Ikadai kodi ya zuio, ile ya kukatwa kwenye gawio, zaidi ya dola milioni 41.

Kampuni ilipinga, na haki ya kupinga ilikuwa nayo. Shauri likapanda mpaka Baraza la Rufani za Kodi, ambalo mwaka 2016 lilitoa uamuzi mkali dhidi ya kampuni. Kampuni ikakata rufaa tena. Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo mwaka 2020.

Dola zilishuka kwa wanahisa kuanzia 2010. Neno la mwisho la mahakama likaja miaka kumi baadaye.

Wanasheria wa kampuni hawakufanya kosa lolote. Ndivyo sheria inavyotakiwa kwenda: unaambiwa unadaiwa, unauliza kwa nini, unasikilizwa, unapanda ngazi. Nilichokuwa nakitafuta tangu siku ya sahani kilikuwa hapo. Kodi ilimkuta mkubwa amekaa, mama ilimkuta amesimama na mkasi mkononi.

Mtu ataniambia ngazi ni ile ile, na mama naye angeweza kupinga. Nimesoma masharti. Pingamizi la makadirio ya kodi halipokelewi mpaka ulipe sehemu isiyobishaniwa au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, yoyote iliyo kubwa. Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe theluthi hiyo ukimwandikia sababu za msingi. Theluthi ya dola bilioni 190 ni dola bilioni 63 na kitu; haikulipwa, na hakuna aliyeshangaa. Sasa chukua muuza sahani aliyekadiriwa milioni 3. Theluthi yake ni milioni 1, ndiyo mtaji wa vikombe vyote vilivyoko dukani. Barua ya kuomba asamehewe ataiandika lini, na nani atamwambia kwamba barua hiyo ipo?

Kwa kinywa chake aliniambia hakuwahi kusikia neno pingamizi nje ya habari za uchaguzi.

## Sahani zilikotoka

Kuna kitu alikisema mwishoni, wakati naaga, nikakipita kama utani. "Na mimi nilikonunua sikupewa risiti kamili."

Muuzaji wa jumla alimwandikia pungufu. Kwa hiyo hata angetaka kuandaa hesabu za faida na hasara kama sheria inavyomruhusu, manunuzi yake kwenye makaratasi ni madogo kuliko ya kweli, na faida yake ya makaratasi ni kubwa kuliko aliyoila. Anabeba ujanja wa mtu wa juu yake.

Huyo wa juu yake ana stoo yenye geti. Juu yake yuko mwenye kontena. Juu ya mwenye kontena iko bandari, na tunakumbuka Novemba 2015 Waziri Mkuu Majaliwa alipoingia bandarini akakuta makontena 349 yametoka bila kulipiwa, kodi ya shilingi bilioni 80 imeyeyuka. Siku zile ilionekana kwamba ikitakiwa, hata mkubwa anaweza kufuatwa: kamishna mkuu wa TRA alisimamishwa, na Rais Magufuli akawapa wafanyabiashara waliokwepa siku saba walipe.

Siku saba, zenye tarehe, zilizotangazwa. Hata walipokuwa wanaadhibiwa walipewa muda wa kujipanga.

Sahani hupita milango mingi kabla ya kufika mikononi mwangu. Katika milango hiyo, mmoja tu ndio unaoonekana kutoka barabarani: ule wa mwisho. Ukiwa na vijana wawili na asubuhi moja, utawasimamisha wapi? Geti la stoo limefungwa. Bei zinazopandishwa kati ya kampuni ndugu, moja ikiwa Dar na nyingine ikiwa kwenye visiwa vya ng'ambo vyenye kodi laini, hazibebwi kwenye boksi lenye kamba. Kuzikamata kunahitaji mhasibu aliyebobea, hifadhidata ya bei za dunia, na miaka. Mzee Thabo Mbeki na jopo lake waliikadiria Afrika mwaka 2015 kuwa inapoteza dola bilioni 50 au zaidi kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa, na sehemu kubwa ya hizo walisema ni za biashara kubwa, si za rushwa tunayoipenda kuisimulia.

Siamini kwamba kuna mtu ofisini aliyeamua "tumwonee mama wa sahani". Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi; tungemtaja tukamfukuza. Nadhani ni kwamba malengo ya makusanyo yanashushwa kutoka juu mpaka mtaani, na mtaani chenye kukusanyika haraka ni kilichoko barazani.

## Siku Kariakoo ilipopata meza

Mei 2023 milango ilifungwa. Siyo mlango mmoja. Mtaa wa Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe, shata zote chini, watu wamesimama nje ya maduka yao wenyewe. Malalamiko tunayajua: kamata kamata, kikosi kazi, usajili wa stoo. Siku chache baadaye Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja, na wafanyabiashara wakashika kipaza sauti mmoja baada ya mwingine kwa saa nyingi, wengine wakilia. Usajili wa stoo ukasitishwa, ikaundwa kamati.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2024, shata zikashuka tena. Safari hii mgomo ulifika Mwanza, Mbeya, Arusha, Dodoma. Oktoba Rais Samia akazindua tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Nilimuuliza mama kama alifunga. Alifunga mara zote mbili. Mara ya kwanza kwa moyo. Mara ya pili kwa sababu kubaki wazi peke yako ni hatari. Alikwenda Mnazi Mmoja?

"Nilikwenda. Nilikuwa mbali, sikusikia vizuri. Ila nilimuona mmoja wa huku kwetu akiongea, na Waziri Mkuu anaandika." Akanyamaza kidogo. "Anaandika kweli, nilimuona."

Nimelirudia hilo mara nyingi. Kampuni inapodaiwa, mkurugenzi anapanda ndege. Juni 2017 mwenyekiti wa Barrick alitua Dar es Salaam, akapokewa Ikulu, picha zikapigwa. Kariakoo kupata mtu wa kuandika wanachosema, iliwabidi wakae siku kadhaa bila kuuza.

Na bado nina wasiwasi na ninachokiandika. Kila ninapowatetea wadogo naogopa natetea pia ile frem yenye majina matano ya wapwa. Kila ninapowalaumu wakubwa nakumbuka kwamba hospitali ya wilaya iliyomtibu mama yangu mzazi inaendeshwa kwa hela zao zaidi kuliko za Kariakoo, na zaidi sana kuliko zangu. Vile vitambulisho vya machinga vya mwishoni mwa 2018, 20,000 kwa mwaka na hakuna wa kukusumbua, nilivishangilia. Kisha rafiki yangu mwenye duka dogo la vitabu akaniuliza kwa nini anayepanga bidhaa zile zile mbele ya mlango wake alipe 20,000 na yeye alipe makadirio, pango, leseni na ushuru wa taka. Sikumjibu vizuri mpaka leo.

Laiti ningeombwa jambo moja tu, nisingeanza na viwango. Ningeomba dakika 20 za mama zirefushwe. Aandikiwe, sawa, ila karatasi iseme kwa Kiswahili cha kawaida ana siku ngapi, anakwenda mlango gani, na anaweza kueleza nini kabla ya kwenda kwa kausha damu.

## Nusu dazeni

Wiki ya saba nilikwenda na 15,000 yangu, si ya kikundi.

Niliiweka juu ya meza, katikati ya sahani. Nikamwambia haitoshi, najua, ila ni ile niliyoomba nipunguziwe.

Aliitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mwenzake. "Hii ya nini?"

"Ile ya siku ile, mama."

"Hapa ni duka, mwanangu, sipokei sadaka." Akairudisha upande wangu. Kisha akawaza, akaivuta tena. "Elfu kumi na tano ni sahani sita."

Akazihesabu, akazifunga kwenye gazeti. Akaivuta mashine kutoka chini ya meza, akabonyeza, ikakoroma, ikatoa karatasi. Akaikata taratibu kwa ule mkasi wake na kunikabidhi kwa mikono miwili.

Nilitoka nimeishika juu, kama mtoto aliyetumwa dukani. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikasubiri kidogo. Hakuja yeyote, isipokuwa dereva wa bajaji aliyeniambia nipishe njia.

Kikundi sasa kina sahani 78. Kwenye daftari la manunuzi zimeandikwa 72, na kila kikao mweka hazina ananiuliza zile sita zimetoka wapi.